Jerry Orbach, kutoka Broadway mpaka Law & Order: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jerry Orbach ni nani? Ndo yule polisi wa Law & Order?

Ndo huyohuyo, wa ile tamthilia ya TV ya Marekani ya polisi na mahakama. Yule mzee mrefu wa makoti, macho yamechoka, anasimama juu ya maiti anatupa neno moja la kejeli halafu muziki wa kufungulia unaingia. Wengi tulimjulia hapo akiwa mpelelezi Lennie Briscoe, kuanzia 1992 mpaka 2004. Kinachowashangaza watu wakianza kumfuatilia ni kwamba anaanza kazi ile alikuwa na miaka 57 hivi, na nyuma yake kuna miaka zaidi ya 30 ya kuimba na kuigiza New York, tena sio kuimba kule nyuma kwenye kundi, anaimba mbele na jina lake liko kwenye bango. Polisi kaja mwishoni kabisa. Na mi nasema hata huyo polisi alimcheza kijukwaajukwaa, nitaeleza huko chini.

Alizaliwa wapi na alianzaje?

Bronx, New York, tarehe 20 Oktoba 1935. Baba alikuwa meneja wa mgahawa ambaye aliwahi kupanda majukwaa ya vodevili (maonyesho ya zamani ya kuimba na kuchekesha), mama aliwahi kuimba redioni, kwa hiyo usiulize mtoto katoa wapi. Familia ilihamahama sana, mara Pennsylvania, mara Massachusetts, mwisho wakatua Waukegan, mji wa Illinois ulioko kandokando ya ziwa Michigan, na sekondari kamalizia hapo 1952. Akaenda Chuo Kikuu cha Illinois, akahamia Northwestern, ilipofika 1955 akaachana na chuo bila kumaliza akarudi New York kutafuta kazi.

Kazi akaipata mwaka huohuo, kwenye mchezo wa muziki wa The Threepenny Opera uliokuwa unachezwa Theatre de Lys, ukumbi mdogo mtaa wa Christopher. Aliingia kama mwigizaji wa akiba, maana yake unakariri nafasi za wenzako halafu unakaa nyuma ya pazia unasubiri mmoja wao augue. Alikaa humo miaka kama mitatu, anapanda kutoka nafasi hii kwenda ile, mpaka akawa anamcheza Mack mwenyewe ambaye ndo mhusika mkuu. Pembeni akawa anasoma uigizaji kwa Lee Strasberg wa Actors Studio, yule mwalimu waliyepita kwake mastaa kibao wa sinema za Marekani. Kwa hiyo huyu mtu asubuhi anafundishwa kuishi ndani ya mhusika, usiku anaimba. Ule mchanganyiko ndo uliomtengeneza.

Broadway na nje ya Broadway tofauti yake nini? Si majumba yote ya maigizo yako New York?

Yote yako New York, yote Manhattan, tofauti kubwa ni viti. Ukumbi wa viti 500 kwenda juu unahesabika Broadway, wa kuanzia 100 mpaka 499 ni nje ya Broadway, na ukumbi kuwa kwenye barabara yenyewe ya Broadway wala sio sharti. Viti vikiwa vichache na tiketi ni rahisi, na mshahara wa mwigizaji unafuata njia hiyohiyo, ila huko kwa viti vichache ndo watu wanajaribu vitu vya ajabuajabu. Orbach alitokea huko.

The Fantasticks ndo mchezo gani huo kila mtu anautaja?

Ndo uliomtoa. Ulifunguliwa tarehe 3 Mei 1960 pale Sullivan Street Playhouse, ukumbi wa viti 153 tu, muziki wa Harvey Schmidt, maneno ya Tom Jones (sio yule mwimbaji wa Wales, mwingine kabisa). Hadithi ni ya mababa wawili majirani wanaojifanya maadui ili watoto wao wapendane, maana mtoto ukimkataza kitu ndo anakitaka. Orbach alikuwa El Gallo, msimuliaji na hapohapo ni jambazi wa kukodiwa. Mchezo unaanza na yeye anasimama anaimba "Try to Remember" taratibu, piano na kinubi basi, hakuna bendi, hakuna jengo la kifahari nyuma, kuna nguzo na pazia na mwezi wa kadi. Kwenye jukwaa tupu hivo mtu huna pa kujificha, sauti ikiyumba kila mtu anasikia mpaka wa mwisho kule nyuma, ambaye kwa ukumbi ule yuko hatua chache tu.

Yeye mwenyewe hakukaa muda mrefu. Mchezo ndo ukakataa kufa, ukachezwa mpaka tarehe 13 Januari 2002, mara 17,162. Waigizaji wamekuja wameondoka, kuna wengine waliompokea nafasi walikuwa hawajazaliwa siku anaufungua.

Broadway yenyewe aliingia lini?

1961, kwenye Carnival! pale Imperial. Alicheza Paul, mchezesha vikaragosi anayechechemea, mtu mwenye hasira na dunia nzima ambaye anaweza kusema maneno matamu akiwa amevaa kikaragosi mkononi tu. Mwongozaji alikuwa Gower Champion na prodyuza David Merrick. Haya majina mawili yashike, yanarudi.

Baada ya hapo akapita kipindi cha kawaida tu, kazi hapa kazi pale. 1965 mchezo wa Guys and Dolls ukarudishwa pale City Center na yeye akawa Sky Masterson, akateuliwa kwa Tony, tuzo kubwa ya michezo ya Broadway, ila hakupata.

Tony alipata kwa mchezo upi?

Promises, Promises, ulifunguliwa Disemba 1968, tuzo akabeba 1969, mwigizaji bora wa kiume kwenye mchezo wa muziki. Na hiyo ndo Tony yake pekee, watu wengi wanadhani alikuwa nazo tatu nne.

Mchezo wenyewe ulitolewa kwenye sinema ya The Apartment, Neil Simon kaandika, Burt Bacharach kafanya muziki na Hal David maneno. Orbach ni Chuck Baxter, karani wa kampuni ya bima anayewaazima mabosi ufunguo wa nyumba yake wapeleke wanawake wao wa pembeni ili apandishwe cheo. Kwa maelezo hayo unaweza ukamchukia, sasa ujanja ni kwamba Chuck anageuka kila saa anaongea na watazamaji moja kwa moja, anajitetea, anaongopa, anarekebisha uongo, na ukumbi mzima unakuwa upande wake. Kuongea na watu 1,400 kama unaongea na mtu mmoja baa, hicho kipaji ni wachache wanacho.

Kuna kisa cha humo napenda sana kukisimulia. Mchezo ulikuwa bado unajaribiwa Boston kabla ya kuingia New York na wakaona kipindi cha pili kinapwaya, unahitajika wimbo. Bacharach yuko hospitali na nimonia. Katoka tu akakaa na David wakatunga "I'll Never Fall in Love Again" haraka, na David akaichomeka hiyo nimonia ndani ya mashairi. Orbach na mwenzake Jill O'Hara wakauimba wamekaa, binti ana gitaa, basi, na ndo wimbo uliobaki kichwani mwa watu kuliko nyimbo zote za mule. Muziki wa Bacharach pia sio wa mchezo, mapigo yanabadilika katikati ya mstari, ukipoteza hesabu umepotea, na huyu jamaa alikuwa anauimba karibu kila usiku huku anachekesha.

Kwenye Chicago alikuwa nani? Sio Richard Gere?

Gere ni wa sinema ya 2002. Wa kwanza kabisa kumcheza wakili Billy Flynn Broadway ni Orbach, tarehe 3 Juni 1975, pamoja na Gwen Verdon na Chita Rivera, nyimbo za Kander na Ebb, mwongozaji Bob Fosse ambaye alipata shambulio la moyo wakati wa mazoezi mpaka ikabidi kila kitu kisogezwe mbele. Flynn ni wakili asiyejali kama mteja kaua au hajaua, anachojua yeye kesi ni maonyesho, wape watu mng'aro watasahau ushahidi. Orbach alimcheza bila papara, anatabasamu, anaimba "Razzle Dazzle" kwa sauti ile nzito iliyolegea, na ndo inatisha zaidi kuliko angepiga kelele.

Tuzo? Waliteuliwa kwenye vipengele 11 na hawakupata hata kimoja, mwaka ule mchezo mwingine, A Chorus Line, ulizoa. Mchezo ukaenda mara 936 ukafungwa 1977. Ule unaochezwa mpaka leo ni wa kurudishwa tangu 1996, yeye hakuwemo.

Humohumo kwenye Chicago ndo alikutana na mcheza dansi Elaine Cancilla, wakaoana 1979 na wakakaa pamoja mpaka anafariki. Jamaa alikuwa anaamka mapema kwenda kushuti, anamwachia mkewe kishairi kifupi pembeni ya kahawa. Mke akavitunza, vikaja kutoka kitabu. Nyie mnaotuma emoji moja asubuhi mjipange.

Ni kweli mwongozaji alikufa siku ya ufunguzi wa 42nd Street?

Kweli kabisa. Tarehe 25 Agosti 1980, ukumbi wa Winter Garden. Mwongozaji ni Gower Champion, yuleyule wa Carnival!, na prodyuza ni Merrick yuleyule, ambaye Promises pia ilikuwa yake. Orbach anacheza Julian Marsh, mwongozaji mkali anayemsukuma binti wa kwenye kundi atoke awe staa usiku mmoja.

Champion alifariki siku hiyohiyo kwa kansa ya damu. Merrick akazijua habari akazificha, waigizaji wakapanda jukwaani hawajui kitu. Mchezo ukaisha, ukumbi umesimama unapiga makofi, pazia linashuka linapanda, linashuka linapanda, halafu Merrick akatokea jukwaani mwenyewe, mtu ambaye hakuwa na kawaida hiyo. Akaanza kwa kusema hili ni jambo la huzuni. Watu wakacheka, si walishamzoea kwa vituko vyake vya kutafuta magazeti. Akarudia, akasema Gower Champion amefariki. Ukumbi ukakatika pumzi. Wachezaji nyuma yake wakaanza kulia palepale wamevaa nguo za kung'aa, Merrick amemkumbatia Wanda Richert, yule binti staa wa mchezo, kamera zinawaka, hakuna anayejua kinachofuata. Aliyepata akili ni Orbach, akapaza sauti pazia lishushwe. Likashuka.

Mi huwa nafikiria hiyo sekunde. Masaa mawili yote ametoka kucheza mtu anayetoa amri jukwaani, halafu mwenye jukwaa lake kafa kweli na amri ikabidi aitoe yeye.

Mchezo ulienda mpaka 1989, mara 3,486, na ukapata Tony ya mchezo bora wa muziki. Kwa Orbach ulikuwa wa mwisho Broadway.

Halafu ni kweli alikuwa rafiki wa jambazi?

Ndio, Joe Gallo, mtu wa mafia wa Brooklyn. 1971 Orbach alicheza kwenye sinema ya vichekesho mhusika aliyechongwa kwa sura ya Gallo, Gallo katoka jela akataka kumjua huyu anayemwiga, wakazoeana mpaka Gallo akafungia ndoa nyumbani kwa Orbach. Wiki chache baadaye, Aprili 1972, Gallo akapigwa risasi mgahawani Mulberry Street akisherehekea birthday. Usiku uleule walikuwa pamoja klabu, Orbach akaondoka mapema. Watu wanapenda kulikuza hili lakini kwenye kazi yake halikubadilisha kitu.

Kwa nini aliacha jukwaa akaenda TV? Alifulia?

Hapana bwana, hakufulia. Fikiria hesabu: maonyesho nane kwa wiki, Jumatano na Jumamosi mara mbili kwa siku, mwili unalipa, na ukimaliza mkataba huna kazi mpaka mwingine aje. Miaka ya 80 michezo mipya mikubwa ikawa inatoka London, na nafasi za mwanaume wa Kimarekani wa makamo mwenye sauti ya New York zikapungua. Yeye akaanza kuchukua sinema, Prince of the City ya 1981, halafu Dirty Dancing ya 1987 akiwa baba daktari yule mwenye msimamo (watu wameangalia hiyo filamu mara kumi na hawajawahi kuunganisha kwamba yule baba ndo Briscoe). Kwenye TV alikuwa anatokea kwa Murder, She Wrote kama mpelelezi Harry McGraw, wakampa mpaka tamthilia yake mwenyewe 1987, haikufika hata msimu wa pili.

Na usisahau Lumière, kile kinara cha mishumaa chenye lafudhi ya Kifaransa kwenye Beauty and the Beast ya Disney, 1991. "Be Our Guest" ni yeye anaimba. Watoto wa dunia nzima walimjua kabla ya kumwona sura.

Aliingiaje Law & Order?

Mara ya kwanza hakuingia kama polisi. 1991 alitokea epsodi moja kama wakili wa utetezi, yaani Billy Flynn kaletwa kwenye TV. Mwaka uliofuata Paul Sorvino, aliyekuwa mpelelezi mkubwa wa tamthilia, akaamua kuondoka, ratiba ngumu, kushuti nje kwenye baridi, na yeye alikuwa anataka kuitunza sauti yake aimbe opera. Mwimbaji mmoja katoka kuokoa koo, mwimbaji mwingine kaingia kwenye baridi ileile akakaa misimu 12. Sidhani kama waliopanga waliliona hilo.

Kilichomfaa ni kwamba tamthilia ilishutiwa New York kweli, mitaani, sio Los Angeles. Alikuwa anaishi mtaa wa 53 karibu na Eighth Avenue, kumbi za Broadway ziko palepale. Na tamthilia yenyewe iliwalisha waigizaji wa jukwaani wa mji ule kwa miaka, shahidi wa dakika mbili leo, jumamosi yuko jukwaani. Mwenzake wa mwisho, Jesse L. Martin aliyecheza Ed Green, alitoka kwenye kundi la kwanza la mchezo wa muziki wa Rent. Kwa hiyo wale maaskari wawili mnaowaona wanakula hotdog kando ya gari wote ni watu wa kuimba.

Lennie Briscoe alimfanya vipi awe vile? Maana wengine walikuja hawakufikia.

Hapa ndo penyewe. Law & Order imejengwa kwa njia ambayo mwigizaji hapewi muda, nusu ya kwanza polisi, nusu ya pili mahakama, maisha ya nyumbani ya mhusika unayapata kwa chenga. Briscoe ni mlevi aliyeacha pombe, ametalikiana mara mbili, binti yake aliuawa baada ya kuingia kwenye mambo ya dawa za kulevya, na hayo yote kwa miaka 12 ukiyakusanya hayajai epsodi tatu. Zilizobaki anauliza maswali: ulikuwa wapi, unamjua huyu, gari rangi gani.

Orbach akatumia kile alichokuwa nacho, taimingi. Angalia ule mstari wa mwisho kabla ya muziki wa kufungulia. Hausemi kwa kuchekesha. Anausema kwa sauti ya kuchoka, chini, ameshaanza kugeuka kuondoka, na anaacha nafasi ndogo kabla ya neno la mwisho. Huo ni mpangilio wa mtu aliyefundishwa na ukumbi uliojaa lini kicheko kinakuja, ila hapa hakuna watu wa kucheka, kuna maiti, kwa hiyo kicheko kinabaki kooni kwako wewe uliyeko kwenye kochi. Angalia pia mikono. Mtu aliyecheza na Fosse mikono yake haizururi, daftari, mfuko wa koti, basi. Dennis Farina aliyempokea alikuwa polisi kweli wa Chicago kabla ya kuigiza, na bado watu walimwamini Orbach zaidi kuwa ni polisi.

Alipata Emmy, ile tuzo kubwa ya TV?

Hapana. Aliteuliwa mara kadhaa, mara moja kwa Briscoe mwaka 2000, hakupata. Waigizaji wenzake walimpa tuzo ya chama chao 2005 ameshafariki. Kwa hili mi sina amani, ila ndo hivo.

Alifariki kwa nini, na ile habari ya macho ni kweli?

Kansa ya tezi dume, tarehe 28 Disemba 2004, ana miaka 69. Alikuwa nayo miaka mingi anafanya kazi kimya, umma umeambiwa mwezi huohuo wa Disemba. Alikuwa ameshatoka Law & Order na kuanza tawi lake jipya, Trial by Jury, epsodi mbili alizomaliza zikaonyeshwa Machi 2005. Broadway wakazima taa za mbele za kumbi kwa ajili yake, heshima ambayo hawampi mtu wa TV hivihivi.

Macho ni kweli. Aliyatoa, na konea zake (ile ngozi angavu ya mbele ya jicho) wakawekewa watu wawili. Benki ya macho ya New York ikaja kutumia picha yake kwenye matangazo ya treni za chini ya ardhi kuhamasisha wengine. Na kona ya Eighth Avenue na mtaa wa 53 imeitwa Jerry Orbach Way tangu 2007.

Nataka kumsikia akiimba, nianzie wapi?

Rekodi za waigizaji wa kwanza zipo, na unazipata mtandaoni kirahisi. Anza na The Fantasticks ya 1960, wimbo wa kwanza tu, kijana wa miaka 24 anaimba kama mtu aliyeishi 50. Halafu Promises, Promises yote, usiruke, maana humo anaigiza ndani ya nyimbo. Chicago ya 1975 uangalie usichanganye na ya 1996 ambayo ndo inatangulia kwenye kutafuta, cheki mwaka kwenye jalada. Carnival! sikiliza "Her Face" peke yake kama huna muda. 42nd Street iweke mwisho, humo Julian Marsh anaimba kidogo kuliko unavyotegemea, anakuja kwa nguvu kwenye "Lullaby of Broadway", na zilizobaki nyingi ni viatu vya dansi ya tapu, vya chuma chini, vinagonga mbao.